Mume, Mke, Mwenzi: Uhakiki wa Lugha ya Hukumu ya Fourie

Hukumu ya mahakama ni maandishi. Ina mwandishi, ina hadhira zaidi ya moja, ina wahusika, na mara nyingi ina kisa kinachosimuliwa kwa mpangilio uliochaguliwa kwa makusudi. Walakini hukumu huachiwa wanasheria, nao huisoma kama mtu asomaye bei za bidhaa: akishaona kiasi anachotakiwa kulipa, karatasi haina kazi tena. Mintarafu mjadala wa ndoa za watu wa jinsia moja, ambao umezagaa katika mabunge na mahakama za nchi nyingi tangu Uholanzi ilipoziruhusu mwaka 2001, usomaji wa namna hiyo umeficha jambo ambalo mwanaisimu angelipaswa kuwa wa kwanza kuliona, yaani kwamba mengi ya mashauri hayo yaligombania maneno, tena maneno machache sana.

Makala haya yanaichunguza hukumu moja kwa karibu: ile iliyotolewa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini tarehe 1 Desemba 2005 katika shauri la Fourie. Mwandishi wake ni Jaji Albie Sachs, mwanasheria aliyeishi uhamishoni muda mrefu, akapoteza mkono na jicho moja kwa bomu mjini Maputo mwaka 1988, na ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya namna hukumu zinavyotungwa, *The Strange Alchemy of Life and Law* (2009). Si mwandishi asiyejua afanyalo. Hukumu nyingine zitaguswa kwa ajili ya kulinganisha tu, na Kiswahili kitaletwa mahali ambapo kinaweza kuonyesha kile ambacho Kiingereza cha hukumu hiyo kinakificha.

Kizuizi cha maneno

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi iliyotajwa kwa majina, na mojawapo ni mwelekeo wa kimapenzi. Wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja kwa zaidi ya miaka kumi walitaka kufunga ndoa, na mbele yao vilisimama vizuizi viwili. Cha kwanza kilikuwa ufafanuzi wa ndoa katika sheria ya mapokeo, isiyotungwa na bunge: kwamba ndoa ni muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja unaowatenga wengine wote. Cha pili kilikuwa fomula. Kifungu cha 30(1) cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961 kiliweka maneno ambayo mfungishaji ndoa lazima awaulize wanaooana, na mwishoni mwa swali hilo kila mmoja hutakiwa kukiri mbele ya mashahidi kwamba anamchukua mwenzake awe mke wake halali, au mume wake halali.

Mnamo Novemba 2004 Mahakama ya Rufani ilikwisha kukiondoa kizuizi cha kwanza. Jaji Edwin Cameron, akiandika kwa niaba ya walio wengi, aliupanua ule ufafanuzi wa mapokeo. Lakini fomula ya mwaka 1961 ilibaki kama ilivyokuwa, na kwa sababu hiyo wanawake hao walitoka mahakamani wakiwa na haki ya kuoana ila hawana maneno ya kuoania. Ni hali ya ajabu, na ingefaa kufundishwa katika darasa lolote la pragmatiki. Wanafalsafa wa lugha wamesema tangu miaka ya 1950 kwamba yako matamko ambayo kuyasema ndiko kulitenda jambo lenyewe, na mfano wao wapendao ni arusi. Hapa palikuwa na watu ambao sheria iliwaruhusu kutenda lakini ikawanyima tamko.

Kwa hiyo mbele ya Mahakama ya Katiba swali lilishuka mpaka likafikia kipimo cha maneno mawili ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "au mwenzi". Je, mahakama iyatie maneno hayo baada ya "au mume" katika fomula, ama ilingoje bunge?

Jinsi kisa kinavyofunguliwa

Sachs haanzi na sheria. Anaanza na watu wawili waliopendana, wakawa wakitoka pamoja, hatimaye wakaanzisha maskani moja. Marafiki wakawatambua kuwa ni wenzi. Miaka ikapita zaidi ya kumi. Basi wakaona wakati umefika wa uhusiano wao kutambuliwa hadharani na kusajiliwa, nao kama wengi wa hali yao wakataka kufunga ndoa. Kisha, katika sentensi fupi kuliko zote zilizotangulia, anataja kwamba kulikuwa na kikwazo kimoja, na baada yake sentensi nyingine fupi inasema kwamba wote wawili ni wanawake.

Ustadi wa ufunguzi huu uko katika kuchelewesha. Msomaji amekwisha kuwapokea wahusika kama wapenzi wa kawaida kabla ya kujua jinsia yao, na anapoijua amechelewa kurudi nyuma. Akitaka kubadili hisia zake hana budi ajiulize ni kitu gani katika kisa kile kimebadilika. Katika Kiingereza kazi hii ni ngumu, kwa kuwa viwakilishi vya nafsi ya tatu umoja hutofautisha mume na mke, na neno moja tu lililoponyoka lingeharibu mpango wote. Sachs anaponea kwenye wingi. Sentensi zake zote za mwanzo ni za wao wawili. Hakuna hata mmoja anayesimama peke yake mpaka siri itoke. Kwa sababu hiyo umbo la kisarufi linasema jambo ambalo hukumu itatumia aya zaidi ya mia moja kulitetea, yaani kwamba watu hawa ni jozi.

Mtafsiri wa Kiswahili angedhani amepewa kazi rahisi. Kiswahili hakina jinsia katika viwakilishi vyake. "Yeye" ni yeye, na kiambishi *a-* humbeba mwanamume, mwanamke, mtoto, na simba wa hadithi pia. Mtu anaweza kusimulia mapenzi ya watu wawili kwa kurasa kumi bila kufichua wao ni nani, kama ambavyo washairi wa mapenzi wa pwani wamefanya kwa karne nyingi, wakamwita mpenzi tausi, ua au johari, na msikilizaji akabaki na dhana zake. Lakini urahisi huo unakoma ghafla pale wapenzi wanapotaka ndoa. Hapo Kiswahili, ambacho kilikuwa kimefumba macho muda wote, kinafumbua yote mawili kwa mara moja.

Oa, olewa, oana

Kitenzi cha Kiingereza cha kufunga ndoa kina mizani iliyo sawa. Mwanamume hukitenda kwa mwanamke, na mwanamke hukitenda kwa mwanamume, bila kubadili umbo. Jinsia katika Kiingereza imefichwa kwenye nomino, yaani mume na mke, na ndiyo maana ilitosha kutia nomino ya tatu isiyo na jinsia ili fomula iwafae wote. Katika Kiswahili jinsia imewekwa ndani ya kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa, na mzazi au mlezi huoza. Kumtia "mwenzi" mahali pa "mke" hakutoshi, maana kitenzi kinachotangulia kimekwisha kugawa kazi. "Unamwoa fulani awe mwenzi wako?" ni swali ambalo nusu yake ya pili inajaribu kusahau nusu yake ya kwanza.

Inajuzu kuuliza ni nini hasa kinachogawanywa na kauli hizo: ni maumbile, au ni wajibu? Mazoea ya wasemaji yanatoa jibu lililo wazi zaidi kuliko kamusi. Mwanamume anayeishi nyumbani kwa mkewe na kulishwa naye husemwa mitaani kuwa "ameolewa". Hakuna anayedhani kwamba mwili wake umegeuka. Kinachosemwa, kwa kejeli bila shaka, ni kwamba amekaa katika nafasi ya anayetunzwa. Kejeli hiyo ingekuwa haina maana kama kauli ya kutendwa ingetaja maumbile peke yake. Inaleta kicheko kwa sababu inataja cheo ambacho desturi imempa mtu wa maumbile fulani.

Ushahidi mwingine, na huu hauna kejeli ndani yake, unatoka bara. Miongoni mwa Wanandi wa Kenya mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwingine, akatoa mahari, na watoto waliozaliwa na aliyeolewa wakawa watoto wake na warithi wa mali yake. Mwanaanthropolojia Regina Smith Oboler alilichunguza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1980, yenye jina linaloshangaza kwa kuwa ni swali: je, mume wa kike ni mwanamume? Wanandi waliomweleza walishikilia kwamba ndiyo, ni mwanamume. Na makala yanaonyesha kwamba katika mambo ya mali na urithi msimamo huo ulishikwa imara, ilhali katika mengine mengi ya maisha ya kila siku ulilegea. Ndoa kama hizo hazikuwa za Wanandi peke yao. Malkia wa mvua wa Walovedu, ndani ya Afrika Kusini yenyewe, alijulikana kwa kuoa wanawake waliopelekwa kwake kama heshima, nao walijenga uhusiano wa kisiasa kati ya ikulu yake na koo za mbali.

Ushahidi huu umetumiwa vibaya na pande zote mbili za mjadala. Wapo wanaoushika kama hati ya kuthibitisha kwamba mapenzi ya watu wa jinsia moja yalibarikiwa na mila. Nao wanawatia wazee wa Kinandi maneno ambayo hawakuyasema, kwani ndoa hiyo ilihusu uzao na mali, wala haikutazamiwa kuwa na mapenzi ya kimwili kati ya mume huyo na mkewe. Wapo pia wanaosema kwamba Afrika haikupata kujua ndoa isiyo ya mwanamume na mwanamke, na hao wanalazimika kuwafuta Wanandi katika ramani. Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa haikuwafuta. Mwaka 2011, katika shauri la mirathi, iliikubali ndoa ya aina hiyo na kumtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake, pamoja na watoto wake, kuwa warithi halali. Kwa Kiswahili uamuzi huo unaweza kuandikwa bila kupinda kitenzi chochote: marehemu alioa, mrithi aliolewa. Sarufi iliridhika kwa sababu wajibu ulikuwa umegawanywa.

Kinachoitatiza sarufi ya Kiswahili, basi, si jinsia mbili zinazofanana. Ni usawa. Fourie na mwenzake hawakuomba mmoja awe mume na mwingine awe mke. Waliomba wote wawili wawe kitu kimoja. Kwa hilo Kiswahili kina kauli moja tu iliyo tayari, nayo ni ya kutendana: *oana*. Umbo hili ni la zamani, wala halikubuniwa kwa ajili ya mjadala huu. Limetumiwa kila siku kwa mume na mke wanaotajwa pamoja. Linahitaji wingi, kama vile Sachs alivyohitaji wingi katika aya zake za mwanzo. Yamkini hapa ndipo tafsiri inapomfunza msomaji wa Kiingereza jambo ambalo asili ilimficha: kwamba ufunguzi wa hukumu ile ni sentensi ndefu moja katika kauli ya kutendana.

Nasaba ya ufafanuzi

Hukumu inausimulia ule ufafanuzi wa "mwanamume mmoja na mwanamke mmoja" kama urithi wa mapokeo, kisha inaupima kwa Katiba. Hapo Sachs ana haraka kidogo, na hasara ni ya msomaji wa Kiafrika, maana ufafanuzi huo una nasaba inayomhusu.

Umbo lake mashuhuri katika Kiingereza limetokana na shauri la Hyde lililoamuliwa Uingereza mwaka 1866. Jaji aliyeuandika, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Penzance, hakuwa akifikiria wapenzi wa jinsia moja hata kidogo. Mbele yake alikuwa na mwanamume aliyefunga ndoa kwa taratibu za Wamormoni katika nchi ya Utah, na tatizo lilikuwa mitala. Uzito wa sentensi yake ulikuwa katika neno "mmoja", mara mbili. Maneno "mwanamume" na "mwanamke" yalikuwamo kwa sababu ndivyo mtu alivyosema. Hayakubeba hoja yoyote. Hoja ilikuwa hesabu.

Sentensi hiyo ilipovuka bahari ilifanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1917, katika Himaya ya Afrika Mashariki, mshtakiwa mmoja aitwaye Amkeyo alitaka ushahidi wa mkewe usitumiwe dhidi yake, kama ambavyo mume wa Kiingereza angeweza kudai. Jaji Mkuu Hamilton alimkatalia. Katika rai yake, kuuita uhusiano wa mila ya Kiafrika "ndoa" ni kulitumia neno mahali pasipo pake, na matumizi hayo yalikuwa yameleta mchafuko wa mawazo. Kwa uoni wake kilichokuwapo ni ununuzi wa mke. Kwa hiyo mwanamke yule hakuwa mke, na aliweza kutoa ushahidi. Ni uhakiki wa neno, uliofanywa na mtu mwenye mamlaka ya kuufanya uwe kweli. Mamilioni ya watu walioana kwa mahari, ngoma na baraka za wazee walitangaziwa kwamba walichokuwa nacho hakistahili jina.

Msomaji anayeijua hukumu hiyo ya mwaka 1917 hawezi kuisoma hoja ya serikali ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 bila kushtuka. Moja ya mapendekezo yaliyokuwa mbele ya mahakama ni kwamba wenzi wa jinsia moja wapewe haki zote za mali, matunzo na mirathi, ila kwa jina jingine. Wapewe kila kitu isipokuwa neno. Sachs analijibu pendekezo hili katika sehemu iliyo bora kuliko zote za hukumu yake. Anakumbusha jinsi siasa ya "kutengwa lakini sawa" ilivyokuwa vazi lililochakaa, lililovaliwa ili kuificha dharau ya wenye nguvu. Na katika nchi ile hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Anasema kwamba kuwafungia watu mlango wa ndoa ni kauli ya sheria, kauli kali ingawa inapita kando, kwamba wao ni wageni katika nyumba ya wote. Kwa maoni yake madhara ya kauli hiyo hayaponywi kwa fedha wala kwa hati. Laiti angemwita Amkeyo kuwa shahidi.

Upande wa Kenya nasaba imeendelea kwa njia inayostahili kuangaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inafafanua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa mitala. Ukiiweka sentensi hiyo kando ya ile ya mwaka 1866, itaonekana kwamba hoja yenyewe ya Lord Penzance imetolewa yote: "mmoja" na "mmoja" havipo tena. Kilichobakizwa ni yale maneno mawili ambayo kwake hayakuwa hoja, na sasa ndiyo yamefanywa nguzo. Kuita ufafanuzi huo urithi wa mababu ni vigumu, na kuuita urithi wa Uingereza pia ni vigumu. Umeunganishwa kwa vipande.

Nafuu iliyoahirishwa

Baada ya kusema kwa ufasaha mkubwa kwamba ubaguzi ule unaumiza heshima ya watu, Sachs anaahirisha tiba. Tangazo la ubatili linasimamishwa kwa miezi kumi na miwili ili bunge litunge sheria. Likishindwa, maneno "au mwenzi" yatajitia yenyewe katika fomula. Sababu anazozitoa ni za hekima ya siasa: kwamba jambo nyeti la namna hii litakuwa imara zaidi likipitia kwa wawakilishi wa watu, na kwamba zipo njia zaidi ya moja za kulitengeneza.

Kama hoja ya utawala, ina mashiko. Kama maandishi, inavunja kile kilichojengwa. Hukumu iliyofunguliwa na watu wawili wenye subira ya miaka kumi inafungwa kwa kuwaambia wasubiri mwaka mmoja zaidi, na lugha yenyewe inahisi aibu hiyo, maana sentensi zinarefuka, vishazi vinazidiana, na wale watu wawili hawaonekani tena. Jaji Kate O'Regan, ambaye alikubaliana na yote isipokuwa nafuu hiyo, aliandika kurasa chache tu. Alisema kwamba uhalali wa uamuzi unatoka katika Katiba, hautokani na ridhaa ya bunge, na kwamba maneno yale mawili yangaliweza kutiwa siku ile ile. Nathari yake haina mapambo. Hata hivyo, kwa kipimo cha uwiano kati ya fani na maudhui, rai hiyo fupi ndiyo iliyo nzima. Mhakiki anayempenda Sachs hana budi kulikiri hilo.

Bunge lilitunga Sheria ya Miungano ya Kiraia. Baraza la Taifa liliipitisha tarehe 14 Novemba 2006 kwa kura 230 dhidi ya 41, nayo ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba, siku moja kabla ya muda kwisha. Chini yake wenzi huchagua wenyewe kama muungano wao uitwe ndoa au ubia wa kiraia. Sheria ya mwaka 1961 iliachwa bila kuguswa, kwa hiyo yale maneno mawili hayakupata kuingia pale yalipopiganiwa. Tena kifungu cha 6 cha sheria mpya kilimruhusu mtumishi wa serikali mwenye pingamizi la dhamiri akatae kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja, na ilichukua mpaka mwaka 2020 kifungu hicho kufutwa. Kwa miaka kumi na minne mtu aliweza kuwa na sheria mkononi na asimpate wa kumsomea fomula.

Maneno hayohayo mahali pengine

Ulinganisho na Marekani unasaidia kidogo tu. Hukumu ya Obergefell ya tarehe 26 Juni 2015, iliyopita kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliandikwa na Jaji Anthony Kennedy kwa lugha ya juu sana, kiasi kwamba baadhi ya maneno yake yamekuwa yakisomwa katika arusi. Ni nathari inayopaa mapema na kukosa pa kutua. Jaji Antonin Scalia, mpinzani wake, aliikejeli kwa kuifananisha na vijikaratasi vya bahati vinavyofichwa ndani ya biskuti. Kejeli ilikuwa na ukatili, lakini sikio lake halikukosea. Jaji Mkuu Roberts naye, akitetea ukale wa ndoa ya mwanamume na mwanamke, aliorodhesha Wasan wa Kalahari, Wahan wa Uchina, Wakarthage na Waazteki. Orodha kama hiyo hupata nguvu kutokana na umbali wa wanaotajwa. Msomaji wa Nairobi au Limpopo, ambako Walovedu na Wanandi si watu wa mbali, huisoma kwa mashaka.

Mahakama Kuu Kabisa ya India, Oktoba 2023, ilikataa kuyabadili maneno "mwanamume" na "mwanamke" katika Sheria ya Ndoa Maalumu ya mwaka 1954 yawe "mtu", na mojawapo ya sababu ni kwamba kamba moja ikivutwa kitambaa chote kingefumuka. Namibia, mwezi Mei mwaka huohuo, Mahakama Kuu Kabisa ilisema kwamba neno "mwenzi" katika sheria ya uhamiaji linawajumuisha wenzi wa jinsia moja waliofunga ndoa halali ng'ambo. Bunge halikupoteza wakati kuijibu mahakama. Liliijibu kwa kamusi, na sheria ya ndoa iliyotiwa saini mwaka 2024 ikalifunga neno hilo ndani ya jinsia mbili. Neno ambalo Afrika Kusini ililitafuta kwa sababu halikuwa na jinsia, jirani yake akalipa jinsia kwa nguvu za sheria.

Kenya ina tatizo la aina nyingine, nalo ni la kimantiki zaidi kuliko la msamiati. Kifungu cha 45(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia iliyo tofauti na yake, kwa hiari ya wote wawili. Kimeandikwa kama utoaji wa haki. Hakuna kikanushi ndani yake. Je, sentensi inayotoa haki kwa jambo moja inaharamisha kinyume chake? Wanazuoni wa pwani wanalijua swali hilo kwa jina la mafhumu mukhalafa, yaani maana ya kinyume inayotolewa katika tamko. Mashafii, ambao ndio wengi pwani, huikubali kwa masharti, Mahanafi huikataa. Kwa hiyo watu wenye akili timamu wamelibishania kwa zaidi ya miaka elfu moja, na si jambo la kupitwa kana kwamba liko wazi.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Nairobi ya tarehe 24 Mei 2019 ililipita. Shauri halikuhusu ndoa. Walalamikaji waliomba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni na vyenye vifungo vya hadi miaka kumi na minne na miaka mitano, vitangazwe kuwa kinyume cha Katiba, nao wakaeleza kwamba hawaombi kuruhusiwa kuoana. Majaji watatu walijibu kwamba kuvifuta kungefungua njia ya watu wa jinsia moja kuishi pamoja kama mume na mke, na kwamba hilo lingepingana na Kifungu cha 45(2). Kikiwa kimepewa maana ya kinyume, kifungu cha haki ya ndoa kikawa sababu ya kubakiza adhabu za jinai kwa watu ambao ndoa hawakuitaja ila kwa kuikana.

Tofauti ya hukumu hiyo na ile ya Sachs inaonekana hata kwa asiyejali matokeo. Katika ile ya Nairobi walalamikaji huingia kama majina ya kwenye hati za viapo, kila mmoja peke yake, na hawawi wawili hata mara moja.